Printa Chumbani kwa Mama Mkwe

Nawaambieni ninyi kwa sababu ni rafiki zangu, na kwa sababu wengi wenu mmeshaisikia nusunusu, kila mmoja na chumvi yake, na katika kila nusu hiyo mimi ndiye mjinga. Nikisema ukweli mzima bado nitabaki mjinga, ila angalau mtajua ujinga wenyewe ulipoanzia. Mpaka leo nikikutana na watu wa kanisa letu pale kituo cha treni Rinkeby, huku Sweden, natazama viatu vyangu, nasalimia viatu, nauliza viatu habari za nyumbani, halafu napanda zangu ngazi.

Ujinga ulianza na kebo. Nyumbani kwetu tuna kompyuta kubwa ya zamani pale sebuleni, tuna laptopu yangu, tuna kompyuta ya shule ya binti yangu Anitha, na tuna printa moja tu, ambayo ilikuwa inahamishwa huku na huku na kebo yake kama mtoto mchanga anayepakatwa na kila mgeni. Mke wangu Klodeta akitaka kuchapa, twende jikoni. Anitha akitaka, twende kwenye meza yake. Nikasema hapana, watu wazima hatuishi hivi, nitaunganisha vyombo vyote kwenye mtandao wa nyumba, ili kompyuta yoyote ifungue faili za mwenzake na yoyote ichape bila mtu kuinuka kitini.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee kule Sundbyberg, najua kumgeuza mtu kitandani bila kumuumiza, basi. Lakini nilitazama video, nikasimamisha, nikarudisha nyuma, nikatazama tena, wikiendi nzima ikaishia hapo. Klodeta alipita na ndoo ya nguo akaniuliza, "Baba Anitha, kwani hiyo kebo imekukosea nini?" Sikumjibu (fundi hajibu maswali ya watu wa nje). Kompyuta ikaniuliza nani aruhusiwe kuingia kwenye folda ya picha za familia, nikachagua kila mtu. Ikauliza kama nataka neno la siri, nikakataa. Nyumba ya watu wanaopendana ina neno la siri la nini?

Ikakubali! Nilikaa jikoni na laptopu, nikabonyeza, nikaisikia printa inaunguruma upande wa pili wa nyumba, na nawaambieni nilijisikia kama nimejenga daraja. Nikachapa tena. Nikaenda bafuni, nikachapa nikiwa bafuni. Kwa kujaribu huko nilimaliza karatasi zote zilizokuwa kwenye trei, na hilo mlikumbuke.

Sasa, ikae wapi? Huo ndio uliokuwa uamuzi mdogo, ule ulionimaliza. Klodeta hakuitaka sebuleni, alisema wageni watakaa wapi. Nikaona meza ya Anitha, iliyo karibu na soketi, na kwa kuwa sasa kebo imekufa, printa inaweza kukaa popote. Lakini chumba cha Anitha ni chumba cha bibi yake vilevile. Mama yake Klodeta anaishi nasi, analala na mjukuu wake chumba kimoja, na mchana sisi tukiwa kazini na Anitha akiwa shule anabaki peke yake na redio yake.

Na mimi chumba kile siingii. Mimi ni Muha wa Kasulu, wao ni Warundi waliokaa kwenye kambi ya wakimbizi kwetu miaka mingi kabla ya kuja huku, na kwa mambo ya ukwe hatupishani hata kidogo: mkwe haingii anapolala mama mkwe wake. Uwe Kasulu, uwe Rinkeby, huingii. Kwa hiyo printa ilibebwa na Anitha, na siku ya kumfundisha Mama namna ya kuiangalia nilisimama nje ya kizingiti nikaelekeza kwa mpini wa ufagio.

"Mama, ile taa ya njano ikianza kumulikamulika, maana yake karatasi zimekwisha. Unaweka karatasi pale nyuma, unabonyeza kile kitufe cha duara."

"Halafu?"

"Halafu itaendelea yenyewe pale ilipoishia."

Akaigusa juu kwa kiganja, kama unavyomgusa mbuzi usiyemjua. "Haya," akasema. "Mchana mkienda kazini itakuwa mwenzangu."

Tulicheka sote, na mimi nilicheka kuliko wote.

Wiki hiyohiyo simu ikaja kutoka Bujumbura. Ilinikuta kazini, nikatoka kwenye korido kuipokea. Dezideri, kitinda mimba wa Mama, mdogo wake Klodeta, kijana aliyekuwa anampigia mama yake kila Ijumaa bila kukosa, alikuwa ameshikwa na homa na homa haikumpa nafasi. Aliyenipigia, ndugu yake mmoja, alilia, halafu akajikaza akasema, "Shemeji, mama asijue mpaka mkusanyike." Nikamwambia hilo hahitaji kunifundisha.

Mnajua wenyewe, lakini niliseme kwa ajili ya watoto wetu waliozaliwa huku. Mama hapewi habari ya kufiwa na mtoto kwa simu, wala hapewi akiwa peke yake. Watu wanakusanyika kwanza. Wanawake wawili wanakaa kulia na kushoto kwake ili akianguka aangukie mikono ya watu. Mkubwa wa familia anaanza mbali kabisa, anauliza afya, anazungumza habari za safari na za Mungu, na yule mama anaanza kuelewa polepole kwa kuhesabu sura zilizomzunguka, mpaka neno lenyewe linapotamkwa moyo umeshajiegemeza mahali. Mimi nimeona mtu aliyepashwa kwa simu dukani. Sitaki kuona tena.

Mkubwa wa familia hapa Stockholm ni Mzee Bonifasi, kaka wa marehemu mume wa Mama, anakaa Spånga. Akaamua iwe Jumamosi mchana, watu wakiwa hawako kazini. Mpaka siku hiyo tuliishi nyumbani kama wezi. Tuliificha chaja ya simu ya Mama tukasema imeharibika. Klodeta alikuwa anafungua bomba la bafuni ndipo analia, akitoka anasema ni sabuni. Ijumaa jioni Mama akaniambia tukiwa mezani, "Dezideri hajapiga leo, hata kwenye simu zenu." Nikasema pengine ni mtandao wa kule. Akasema, "Pengine."

Mzee Bonifasi angenishika mkono kama simu ingeruhusu. Akaniuliza, "Wewe ndiye mwanaume wa nyumba hiyo. Hatajua?" Nikajibu, "Hatajua mpaka wewe utakapofungua mdomo." Niliyatamka hayo kwa kinywa changu mwenyewe.

Jumamosi watu walikusanyikia kwa Mama Furaha, jirani yetu Mkongomani wa ghorofa ya chini, nyumba yake iko moja kwa moja chini ya yetu. Tulifanya hivyo ili Mama asione watu wakiingia mmojammoja akashtuka. Walikuwepo mchungaji, akina mama wa kwaya, Mzee Bonifasi na kofia yake magotini. Klodeta na Anitha walibaki juu na Mama. Kazi yangu ilikuwa moja: kuchapa picha ya Dezideri iwekwe kwenye fremu, ipandishwe juu pamoja nasi. Mama Furaha ana printa ya binti yake, na mimi niliteremka na laptopu kwapani.

"Picha umeileta kwenye nini?" mchungaji akauliza.

Hapa ndipo ningepaswa kunyamaza. Lakini nyumba ilikuwa kimya, watu wamekaa wananitazama mimi tu, na kiburi hakijui msiba. Nikasema, "Haina haja ya kuleta, Mchungaji. Iko kwenye kompyuta ya sebuleni juu. Naichukua kutoka hapahapa." Mtandao wetu unapenya sakafu ile vizuri tu. Nikafungua ile folda ya familia mbele yao, na Dezideri akatokea, shati jeupe, anacheka. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeweka msalaba mdogo chini ya picha na maneno, Pumzika kwa amani mwanetu Dezideri. Watu wakaguna kwa uchungu, na mmoja (sitamtaja) akasema, "Kweli huyu bwana ni fundi," na mimi, Mungu anisamehe, nikajisikia vizuri.

Nikachomeka kebo ya printa ya Mama Furaha. Nikabonyeza kuchapa. Kimya.

Nikabonyeza tena. Wote mnajua tunavyofanya, kitu kikikataa tunakibonyeza kwa hasira zaidi kana kwamba hakikusikia. Nikabonyeza tena na tena.

"Papa Anita," Mama Furaha akaniuliza kwa upole, "mbona mashini iko kimya?"

"Inafikiria," nikasema.

Haikuwa inafikiria. Haikuwa hata na habari. Laptopu yangu ilikuwa kwenye mtandao wa nyumbani kwangu, kwa sababu ndiko nilikoichukua picha, na ilikuwa inajua printa moja tu duniani, ile niliyoifundisha mwenyewe. Kebo ile mpya haikuijali. Kila nilipobonyeza, kazi ilipanda juu kupita dari ikajipanga foleni kwenye meza ya Anitha, hatua chache kutoka kitanda cha Mama. Na trei ya kule haikuwa na karatasi hata moja, mnakumbuka kwa nini.

Mzee Bonifasi akatazama saa. "Twende," akasema. "Picha itakuja baadaye." Kumbe picha ilikuwa imeshatutangulia.

Tulipanda ngazi taratibu, wanawake mbele. Klodeta akatufungulia, macho mekundu, kitambaa cha jikoni mkononi. Alikuwa jikoni anapika chai ya watu, na Anitha alikuwa anapanga viti alivyoazima kwa jirani. Mama alikuwa amekaa sebuleni kwenye kiti chake karibu na dirisha, kitenge amejifunika mabegani, mikono yote miwili ndani. Akatusalimia kila mmoja kwa jina lake. Akauliza habari za watoto wa kila mmoja. Akina mama wawili wakakaa kulia na kushoto kwake, naye akawatazama, huyu kisha yule.

Mzee Bonifasi akavua kofia. "Shemeji," akaanza, "tumekuja kukuona. Siku nyingi hatujakaa pamoja. Unajua sisi binadamu ni watu wa safari, wengine wanatangulia, wengine..."

"Shemeji," Mama akasema, "usijichoshe. Baba Anitha ameshaniambia."

Sijawahi kutazamwa na watu wengi kiasi kile kwa wakati mmoja. Klodeta aligeuka polepole. Mchungaji naye akanitazama. Nilitaka kusema na sauti ikatoka ya mtu mwingine: "Mimi? Mama, mimi sijasema..."

Mama akatoa mikono ndani ya kitenge. Alikuwa na karatasi. Akaiweka ya kwanza gotini akainyoosha kwa kiganja, akaweka ya pili juu yake, kisha nyingine, na kila moja ilikuwa Dezideri anacheka.

"Ameniambia," akasema. "Nikadhani sikuona vizuri. Akaniambia tena."

Akaigeuza picha ya juu imwelekee yeye.

"Taa iliwaka ile ya njano. Nikafanya alivyonifundisha, nikaweka karatasi chache, nikabonyeza. Ikaanza kutoka kidogokidogo. Nikaona nywele, nikajiuliza huyu nani. Nikaona macho." Alikuwa anazungumza na zile karatasi, si na sisi. "Nikasema ni Dezideri, ametuma picha. Nikafurahi, maana jana hakupiga simu. Nilifurahi kweli. Halafu yakaja maneno chini."

Mzee Bonifasi alikuwa bado ameshika kofia hewani. Akauliza swali moja tu, na hakuniuliza mimi: "Nani alikuwa naye?"

"Nilikuwa jikoni, Baba mkubwa," Klodeta akasema, na akaanza kulia.

Mngedhani yameishia hapo. Klodeta, kwa kutojua la kufanya, akamwambia Anitha akamletee bibi leso. Anitha akaingia chumbani. Naye ni mtoto mtiifu, alikuwepo siku ile ya mpini wa ufagio, na aliiona taa ya njano inamulika, akaweka karatasi, akabonyeza kitufe cha duara. Ndani ya kimya kile, watu wote wakiwa wameinamisha vichwa, printa ikaunguruma.

Niliruka kitini. Nikafika mlangoni mwa chumba mguu mmoja hewani, na hapo nikakumbuka naingia wapi, nikasimama. Niliiona kutoka pale nilipo, inalisogeza shati jeupe mbele taratibu, na sikuweza kuifikia. Nyuma yangu akina mama wa kwaya, mchungaji, mzee wa familia, wote wananitazama mgongo, mwanaume mzima amening'inia kwenye fremu ya mlango.

"Anitha, izime!"

"Men pappa, den är inte klar," akanijibu kwa Kiswidi chake cha shule, kwamba eti bado haijamaliza.

"Chomoa waya, mwanangu, chomoa!"

Akachomoa. Ikakwama katikati. Paji la uso na macho vikabaki vimetoka nje, mdomo umebaki ndani.

Ndipo Mama akalia. Siyo kwa karatasi zile za mwanzo, zile alikuwa amezikunja peke yake akazificha kwenye kitenge akakaa kutusubiri. Alilia baada ya ile mashine kunyamaza, na wale wanawake wawili wakamshika, na nyumba nzima ikapokea. Niseme tu kwamba kilio kile kilikuwa kizuri, kama kuna kilio kizuri. Watu walimlilia Dezideri kama inavyotakiwa. Mimi nilibaki kwenye korido kati ya makoti na viatu vya watu.

Mzee Bonifasi alinifuata pale. Nilimtegemea apaze sauti, ingekuwa nafuu. Akavaa kofia yake, akasema chini chini, "Kazi ile ilikuwa yangu, kijana. Wewe ukaipa mashine." Akarudi ndani kukaa na shemeji yake. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya niliyamwaga kwa kidole kimoja, tena kwa kurudiarudia.

Matanga yalipokwisha na watu kutawanyika, nilimwomba Anitha anitolee ile printa, nikaishusha kwenye stoo ya chini ya jengo, nikaifunika gunia ili hata mimi nisiione. Nikarudi kwenye kompyuta nikafunga zile folda zote, nikaweka neno la siri refu ambalo hata mwenyewe nililisahau kabla ya chakula. Klodeta alinitazama, akasema, "Sasa ndiyo umekumbuka." Alikuwa na haki.

Baada ya muda Mama akaniita. Alikuwa amekaa kitandani, nami nikasimama mahali pangu, nje ya kizingiti. Ukutani juu ya meza ya Anitha alikuwa amebandika ile picha ya kwanza, ile iliyotoka wakati bado ana furaha. Mezani palikuwa na alama ya vumbi pale printa ilipokuwa imekaa.

"Mwenzangu umempeleka wapi?"

"Mama, nimeitupa stoo. Nisamehe. Sikujua inakuja huku."

"Nimekusamehe siku ileile, nikiwa nimeishika karatasi. Nilijua mtu hawezi kufanya vile kwa makusudi." Akalainisha shuka. "Ila nilikuwa peke yangu, Baba Anitha."

Nikasema najua, Mama.

"Irudishe," akasema. "Nyinyi wote mlikuwa chini. Hiyo ndiyo iliyokuwa na mimi."

Nikaipandisha siku hiyohiyo, na Anitha akaiweka pale pale penye alama ya vumbi.

Kwa hiyo ndugu zangu, mkiniona sichapi kitu mbele za watu, msinitanie. Nimeapa. Laptopu yangu haitoki tena nyumbani kwangu kwenda kwenye shughuli ya mtu, na habari ya mtu yeyote haitapita mkononi mwangu kabla ya mkubwa wake kuvua kofia. Na nyumbani, nikitaka kuchapa chochote, hata kama ni ratiba ya zamu zangu, sibonyezi kwanza. Nainuka kitini (na ile kazi yote niliifanya ili mtu asiinuke kitini), natembea mpaka kwenye kile kizingiti, nagonga fremu ya mlango.

"Mama," nasema, "inakuja karatasi. Ni ya shule ya Anitha."

Nasubiri. Ndani naisikia redio ikipunguzwa.

"Haya," anajibu. "Ije."